Gari la Maskati, Chumvi ya Kunduchi

Shemeji yangu wa Maskati ana mkono mpana. Akija likizo huleta halua, manukato, mablanketi mazito ambayo Dar es Salaam hayana kazi, na safari ile alimletea kitinda mimba wetu gari la rimoti. Si yale ya betri za tochi yanayogonga kuta za sebule na kufa kabla Idi haijaisha. Hili lilikuwa moja ya kumi ya gari halisi, urefu wake unakaribia nusu mita, matairi yenye meno, shokapu nne za kweli zenye oili ndani, na kasi ya kumtia mtu mzima kiwewe. Mtoto alilimiliki mpaka baba yake aliporudi kutoka kazini. Baada ya hapo akawa utingo: kazi yake kulibeba kwenda nalo na kulikimbilia likipinduka.

Mimi sikuwa na neno. Mwanamume mwenye miaka arobaini na ushei akishinda ufukweni na mwanawe badala ya kukaa kijiweni kubishania Simba na Yanga, unamshukuru Mungu na kuendelea kukoroga uji. Neno nililipata baadaye, gari lilipoanza kuingia jikoni kwangu.

Tatizo lilianzia kwenye boksi. Ubavuni paliandikwa kwa herufi nene kwamba vifaa vya umeme vya gari haviingii maji. Baba Watoto akasoma, akafurahi, akaishia hapo. Maneno yale ni ya kweli, lakini ni ya umeme tu: kipokezi cha mawimbi, kidhibiti cha mota, na ile mota ndogo inayogeuza magurudumu ya mbele. Juu ya beringi, ekseli, pini na skrubu boksi lilikaa kimya. Na huo ndio mtindo wa watengenezaji tangu zamani. Mwaka 1979 kampuni ya Tamiya ya Japani ilipotoa Sand Scorcher, kigari cha mchangani kilichoigwa kwenye Volkswagen za mbio za jangwani, vifaa vya redio vilifungiwa ndani ya kisanduku cha plastiki kisichopitisha maji. Vyuma vikaachwa nje, kila mwenye gari ajue lake. Kijitabu cha hili letu kilikuwa na onyo waziwazi: usilipitishe kwenye maji ya bahari, wala maji ya chumvichumvi ya mdomoni mwa mto, na hata ukilipeleka ufukweni tu, uwe na tahadhari. Ila kijitabu chenyewe kilikuwa kimeshapata kazi nyingine, chini ya mguu wa kabati la vyombo, lisiyumbe.

Sisi ni watu wa Kunduchi Mtongani. Siku za bamvu, maji yakitoka, hutoka kwelikweli, yakaacha mchanga mgumu na vijito vinavyorudi baharini polepole. Kwa gari lile huo ndio ulikuwa uwanja. Baba Watoto alikuwa akililenga kwenye vijito makusudi, maji yaruke, watoto wa mtaa wapige kelele, na mafundi wa ngalawa waliokuwa wakichonga chini ya mkungu waache tezo watazame. Magharibi gari liliingia ndani likichuruzika, likafutwa na fulana kuukuu, likasukumwa chini ya kabati, jirani na kijitabu chake.

Kabla mwezi haujaandama tena, likaanza kukoroma.

Walilifungua sebuleni, juu ya gazeti. Nilikuwa nakunja nguo, nikasogea kuona ni nini kinachowafanya baba na mtoto wanyamaze kwa pamoja. Beringi ya gurudumu la gari hili ina tundu la milimita 5, upana wa milimita 11 na unene wa milimita 4. Unaweza kuilaza juu ya ukucha wa kidole gumba. Ndani yake kuna gololi ndogo zisizofika milimita 2. Inapokuwa nzima, ukiipuliza kwa mdomo inazunguka. Ile waliyoitoa ilikuwa nyekundu ya udongo, imevimba ukingoni, na Baba Watoto alipoilazimisha kwa ncha ya bisibisi ilizunguka nusu, ikakwama, ikamwaga unga juu ya uso wa mheshimiwa fulani gazetini. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana kitu kidogo vile hukaza badala ya kulegea. Skrubu nazo vichwa vilikuwa vimeliwa, ufunguo wa pembe sita ukawa unateleza tu.

"Lakini beringi si chuma cha pua?" akauliza, kwa sauti ya mtu aliyetapeliwa.

Ni chuma cha pua, lakini si kile cha masufuria yetu. Beringi nyingi za bei ya kawaida hutengenezwa kwa chuma chenye kromi ya asilimia 1.5 hivi, inayokipa ugumu. Ili kiitwe stenlesi kinatakiwa kiwe na kromi ya asilimia 10.5 kwenda juu. Kati ya namba hizo mbili ndiko bahari ilikopita.

Binti yetu wa kidato cha pili akaona amepata nafasi ya kutufundisha. Shuleni walikuwa wametoka kusoma habari za kutu, akaamua kulirudia jaribio dirishani kwangu kwa chupa tupu za jemu. Msumari wa kwanza aliufungia pakavu, pamoja na kile kifuko cha chengachenga kinachokuja ndani ya maboksi ya viatu. Wa pili aliutia kwenye maji yaliyochemshwa, akamwaga mafuta juu yake hewa isirudi ndani. Wa tatu, maji ya kawaida, chupa wazi. Wa nne, maji ya chumvi. Huo aliuongeza mwenyewe. Miwili ya mwanzo ilibaki inang'aa. Wa tatu ukashika kutu. Wa nne uliwahi kuliko wote, na maji yake yakageuka rangi.

"Kutu inataka maji na hewa, baba. Ukiinyima kimoja, haipo. Chumvi yenyewe haili chuma, ila inayafanya maji yapitishe umeme vizuri, kwa hiyo kazi inakwenda haraka."

"Lakini mimi gari ninalifuta. Likilala limekauka."

Hapo binti hakuwa na jibu la kidato cha pili, ila mimi nilikuwa nalo la jikoni. Kopo la chumvi likikaa wazi mwezi wa nne, asubuhi unalikuta limeloa na hakuna aliyetia maji. Chumvi ikikutana na hewa yenye unyevu unaozidi kama asilimia 75 hunyonya maji yenyewe mpaka iyeyuke, na hewa ya hapa kwetu alfajiri nyingi imeshavuka hapo. Basi gari linalofutwa na fulana haliwi kavu. Maji ya bahari yameondoka, chembe za chumvi zimebaki kwenye beringi, na usiku zinajitekea maji mapya hewani. Nilimwambia hivyo. Akasema nina point, kisha akafanya analotaka.

Alilotaka lilikuwa siki. Mwenzake wa ofisini alimwambia siki huondoa kutu, na wala hakumdanganya: ni asidi, inaiyeyusha. Asubuhi nikakuta chupa yangu ya siki ya achari tupu na bakuli la kachumbari limejaa skrubu. Ziliingia nyeusi zenye madoa mekundu, zikatoka kijivu, safi, za kupendeza. Akazianika dirishani, akaondoka anapiga mluzi. Alasiri zote zilikuwa rangi ya machungwa, hata zile ambazo jana yake zilikuwa hazina hata doa. Ule weusi haukuwa urembo. Ni ngozi nyembamba iliyotengenezwa kiwandani kwa ajili ya kushika mafuta, na siki ilipomaliza kutu ikaendelea na ngozi. Chuma kilichobaki uchi, chenye asidi bado mwilini, kwenye dirisha linalotazama bahari, hakina wa kukitetea. Mama mkwe, anayesugua sinia zake za shaba kwa ndimu tangu ujana, alizitazama zile skrubu kwa muda.

"Asidi haiachwi ikalala na chuma," alisema. "Unaosha, unapitisha maji ya magadi kidogo, unaosha tena, unakausha papo hapo motoni. Ungeniuliza."

Hakuulizwa, kwa sababu aliyejua habari za magari ni Baba Watoto.

Kutoka kwenye siki akahamia kwenye nazi. Nazi aliipata kwenye meza ya kujipambia ya mamaye, mafuta ya kukamua nyumbani, ya nywele. Mantiki yake ilikuwa nzuri: mafuta hufukuza maji. Akalipaka gari lote, mpaka springi. Likanukia vizuri sana, na kwa muda tukaishi kwa amani, mpaka siku niliyoamka kuswali alfajiri nikakuta mstari mweusi umetoka chini ya mlango, umepanda ukuta, umeshuka, umeingia chini ya kabati. Sisimizi walikuwa wameingia mpaka ndani ya boksi la gia. Na hata bila sisimizi, mafuta ya kula hayadumu kwenye chuma. Yanachacha, yakichacha yanatoa asidi yake yenyewe, na yanakuwa mazito. Kijana alilipiga brashi gari zima huku akipiga chafya. Baba yake alipoanza kuutazama mfuko wangu wa mchele wa Kyela, maana alisikia mchele hunyonya unyevu, niliuhamishia chumbani na kufunga kwa ufunguo. Mchele si dawa ya kitu kilicholowa. Na mimi sipiki pilau yenye grisi.

Kisha kikaja kile kikopo cha bluu na njano. WD-40 ilitengenezwa San Diego, Marekani, mwaka 1953, na kampuni ndogo iliyoitwa Rocket Chemical Company, na kati ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kukinga ngozi ya nje ya makombora ya Atlas isishike kutu. Naiheshimu kwa hilo. Kwa kufukuza maji kwenye chuma kilicholowa ni nzuri, na gari lilipopulizwa lilinyamaza siku hiyohiyo. Ila haikai. Ni nyepesi mno, na ikiingia ndani ya beringi inaiyeyusha na kuitoa hata ile grisi iliyotiwa kiwandani. Wewe usiporudisha oili nyingine, umeiacha beringi kavu kuliko ulivyoikuta. Mtoto nilimshika mkono alipotaka kupulizia na bodi ling'ae: bodi la magari haya ni polikaboneti, na watengenezaji wa dawa hiyo wenyewe wanasema haifai kwa plastiki hiyo. Kuanzia hapo sebule ilianza kunuka gereji, na nilidhani tumefika mwisho wa harufu.

Mafundi wa ngalawa ndio waliompa sifa.

Kwa msomaji wa bara: sifa ni mafuta ya maini ya papa. Pwani hii yote vyombo vya mbao hupakwa sifa ubavuni ili mbao zisipasuke kwa jua wala zisinywe maji, na chini, panapokaa majini, hupakwa shahamu, yaani mafuta ya mnyama yaliyokorogwa na chokaa. Fundi mmoja alimwambia Baba Watoto kwamba msumari uliopakwa sifa huiona kutu kwa mbali. Wazo halikuwa la kipuuzi. Mafuta ya samaki hukauka yakawa ngozi, na viwandani yametiwa kwenye rangi za kuzuia kutu kwa miaka mingi. Shida ni kwamba papa, hata akifa, akachemshwa, akatiwa kwenye kopo la maziwa, bado ni papa.

Angechagua wiki nyingine. Jumapili ile tulikuwa tunapokea wageni kutoka Bagamoyo, wanaleta barua ya posa ya wifi yangu mdogo. Mama mkwe alianza kufukiza udi tangu saa tatu asubuhi. Mikeka mipya ilitandikwa, vikombe vya kahawa vilitolewa kabatini, wifi alifungiwa chumbani na shangazi zake. Na juu ya kabati hilohilo, kwenye sinia yangu, Baba Watoto alikuwa amevitandaza usiku vyuma vyote vya gari vimepakwa sifa, chini ya feni, vikauke. Feni ya sebule yetu haina ubovu wowote. Iliichukua harufu ile na kuigawa kwa haki, chumba hadi chumba, mpaka kwenye kanga nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya jioni. Udi haukuifunika. Ulipokutana na papa wakaelewana, wakatoka pamoja mpaka barazani.

Nilimwambia, "Baba Watoto, ondoa."

"Nikivigusa sasa vitashika vumbi. Bado kidogo tu."

Mama mkwe hakusema kitu. Alikwenda kuongeza makaa kwenye chetezo.

Wageni wakafika baada ya alasiri. Mshenga alikuwa mzee wa kanzu na koti, mikono mikubwa ya mtu aliyevuta kamba. Salamu zikapita, hali za huko na huku zikaulizwa, kahawa ikamiminwa. Barua ikatolewa, bahasha ya kaki, ikawekwa juu ya kitambaa cheupe katikati ya mkeka. Kisha mzee akanyanyua pua, akaishusha, akainyanyua tena.

"Niwieni radhi," alisema. "Hapa mna chombo?"

Shangazi mmoja akakohoa. Mama mkwe akautazama mkeka.

"Nauliza kwa sababu hii ni sifa. Nimekuwa nahodha, Bagamoyo na Unguja, mpaka magoti yalipokataa. Sifa naijua."

Mwanamume mwingine angetafuta pa kujificha. Baba Watoto uso ulimkunjuka. Alisimama, akapanda kiti, akaishusha sinia na kuja nayo mpaka mkekani, na kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu, akaisogeza kando barua ya posa ya dada yake ili vyuma vya gari la rimoti vipate pa kukaa. Nilimwona mama mkwe akifumba macho.

Mzee alichukua beringi moja, akaiweka kiganjani, akavaa miwani.

"Sifa ni ya mbao, mwanangu. Mbao haizunguki. Ukiitia humu itaganda, na ikiganda itashika mchanga, utakuwa umejitengenezea msasa."

"Sasa nifanyeje, mzee wangu? Nimetia nazi, nimetia dawa ya kopo, kutu inarudi."

"Kwani unapaka juu ya nini?"

"Juu ya chuma."

"Unapaka juu ya chumvi. Mafuta hayaondoi chumvi, yanaifungia ndani. Mashine ya boti ikitoka baharini inafanywaje? Inatiwa kwenye pipa la maji matamu, inangurumishwa humo mpaka ijisafishe koo. Ndipo mengine yanafuata."

"Mzee, siku hizi ninaliosha. Kila tukitoka pwani, ndoo nzima."

"Maji gani?"

Nilikuwa nimefika mlangoni na sahani ya vitumbua.

"Ya kisima," nikasema.

Mzee alicheka mpaka miwani ikamshuka. Hapa Mtongani, kisima kilicho karibu na bahari kina ya kwake. Nguo sifulii maji yale, sabuni haitoi povu, inakatika mabonge meupe. Chai yake hainyweki. Tunayaflashia choo, na mchicha niliojaribu kuumwagilia ulikataa. Kila mtu nyumbani analijua hilo, Baba Watoto akiwa wa kwanza, maana hayaweki mdomoni hata kwa kupigia mswaki. Ila gari hakulihesabu miongoni mwa wenye midomo. Lita ya maji ya bahari ina chumvi ya gramu 35 hivi. Ya kisima chetu ni pungufu sana ya hapo, lakini kila tone likikauka linaacha chumvi yake, na kesho yake ndoo nyingine inaongeza.

Posa ilikubaliwa. Mama mkwe hushikilia kwamba ni kwa rehema za Mungu tu. Mimi nilimwona yule mzee akiondoka, amemshika Baba Watoto bega, anamweleza habari za nanga, na nina maoni yangu.

Usiku ule mama mkwe alimwita mwanawe chumbani kwake. Hakumgombeza, na hilo lilitutisha wote. Alifunua cherehani yake, Singer nyeusi ya kuzungusha kwa mkono, iliyoingia nyumba hii kabla Baba Watoto hajazaliwa na imeishi miaka yote hiyo hatua chache kutoka baharini. Akamulika kwa tochi ya simu: sindano, bamba, gurudumu, vyote vinang'aa. Alichonacho ni kichupa cha oili ya cherehani, ile nyepesi isiyo na rangi. Hutia tone kwenye kila tundu, huzungusha gurudumu polepole oili ishuke, hufuta yote iliyobaki nje, huweka kitambaa chini ya mguu wa mashine kinywe itakayotoka, kisha hufunika. Nguo yenye jasho haimpitii chini ya sindano bila bamba kufutwa baadaye. Oili hiyo ni ya madini, haichachi, na hakuna sisimizi anayeitaka.

"Ya kupikia usitie," alimwambia. "Niliwahi kumwona jirani akitia. Ilikaza, ikauzwa chuma chakavu."

Tangu hapo mambo yalikwenda kwa utaratibu, na utaratibu wenyewe hauna maajabu. Gari halipelekwi tena kwenye vijito. Linakimbia juu, kwenye mchanga mkavu, na kijana amegundua kwamba huko linarusha vumbi zuri zaidi. Likirudi haliingii ndani. Linakwenda uani, betri inatolewa, linapigwa mswaki laini, kisha linamiminiwa maji ya bomba kwa kopo, pole kwa pole, si kwa mpira wenye presha, kwa sababu presha inausukuma mchanga ndani ya beringi badala ya kuutoa. Kukausha wanakwenda kwa fundi pancha wa kona, ambaye kwa sigara moja huwapa upepo wa kompresa. Fundi aliwaonya wapulize skrubu na mikono ya gari, beringi wasizielekezee mdomo. Ndipo dawa ya kopo inapata kazi yake halisi, kufukuza maji yaliyojificha, na baada yake tone la oili ya cherehani kwenye kila beringi na kitambaa cha kufuta ziada. Mafuta yaliyozidi nje hayakingi kitu, hukusanya mchanga tu.

Beringi zilizokuwa zimeanza kukoroma lakini hazijafa zilikwenda kwa fundi baiskeli. Huyu hakuhitaji kuelezwa, maana gololi za baiskeli za Mtongani zinaugua ugonjwa huohuo. Alinyanyua kifuniko cha mpira kwa ncha ya sindano, taratibu kisipinde, akaziogesha kwenye mafuta ya taa, akazizungusha humo kwa kijiti, akamwaga, akarudia mpaka mafuta yakatoka safi. Akazikausha, akatia grisi kidogo, akarudisha kifuniko. Zilizokufa tulizinunulia Kariakoo. Muuza beringi hana haja ya kujua ni ya gari, pampu au kinu. Ukimtajia MR115-2RS, au ukampa tu vipimo, anakupa, na hizo herufi za mwisho zinakuambia kwamba ina kifuniko cha mpira pande zote mbili. Ukiwa na pesa zaidi zipo za stenlesi. Ni laini kidogo kuliko za kawaida, lakini kwa mtu wa pwani ningesema atoe tu hiyo pesa.

Skrubu za stenlesi Baba Watoto alizinunua kwa furaha, akabadilisha zote, na zenyewe zikaleta kisa kidogo. Baada ya muda, pale zinapoingia kwenye vishikio vya magurudumu, ambavyo ni vya alumini, ukaota unga mweupe. Stenlesi na alumini zikigusana penye maji ya chumvi hujitengenezea betri ndogo, na anayeliwa ni alumini. Binti alilieleza hilo kwa raha ambayo sikuipenda, kisha akafafanua kwamba ndiyo maana mashine za boti hufungiwa kipande cha zinki, kiliwe kwanza badala ya mashine. Dawa ilikuwa kuzitoa skrubu, kuzipaka grisi kwenye uzi, na kuzirudisha, maji yasipate pa kukaa katikati. Gari lenyewe sasa linalala kwenye ndoo yenye mfuniko, pamoja na vifuko vya chengachenga tulivyokusanya kutoka kwa kila ndugu aliyenunua viatu mwaka huu. Kopo la sifa liko juu ya mti wa mkungu, nje ya ua, na hakuna anayelidai.

Kwa hiyo gari ni zima. Beringi zake zinazunguka kwa pumzi ya mdomo, na Baba Watoto humwonyesha hivyo kila mgeni anayekaa muda wa kutosha. Juzi alikuwa akimwonyesha jirani yetu, amekaa dirishani kwenye mwanga, beringi juu ya ukucha, anaeleza habari za kloridi. Nyuma ya kichwa chake zilikuwa nondo za dirisha letu, ambazo tangu tuhamie hapa hazijaona brashi. Rangi imebambuka, kutu imevimba mpaka imeupasua ukuta, na moja ukiishika unabaki na vipande mkononi. Nilisubiri jirani aondoke.

"Baba Watoto," nikamwambia, "hizi nazo ni za lini?"

Akageuka, akazitazama kwa mara ya kwanza, nadhani, tangu shemeji aje likizo.

"Hizo hazina beringi, Mama Watoto."

Nilikuwa nimeshanunua brashi ya waya, msasa, na lita nne za redi oksaidi. Vilikuwa nyuma ya mlango.